Damu ya Mtu Aliyekimbia

Nimeandika kadi za wagonjwa hapa Mashimoni, ndani ya Kibera, tangu mwaka wa 1982, na kama kuna jambo moja ninalolijua kuhusu binadamu, ni kwamba hapendi kukaa kwenye foleni. Ataweka jiwe. Hilo jiwe halikuwa wazo langu, naomba lieleweke hivyo. Watu walilitoa kwenye vibanda vya maji, ambako mtungi husimama kwenye mstari badala ya mwenyewe, na mwenyewe huenda zake kufua au kuuza mandazi. Zahanati yetu ilipofunguliwa hawakuona tofauti. Asubuhi ungekuta mlangoni mstari wa mawe, kopo la rangi, nusu tofali na kiatu kimoja, bila mgonjwa hata mmoja. Kila jiwe lilikuwa na mwenyewe na kila mtu alijua ni la nani.

Lililokuwa langu ni sheria. Nikiita jina mara mbili na mwenyewe hayupo, kadi yake inaenda chini kabisa. Niliitunga wiki yangu ya pili kazini, nikiwa na hasira na koo likiniuma, na sikuiondoa kwa miaka kumi na minne. Kwa hiyo kila nikifungua mlango, wa kwanza kuniona alipiga kelele, "Wamefungua!" na watu wakatoka vichochoroni mbio, wengine na povu la sabuni mikononi. Waliruka mtaro, wakasukumana, wakafika wakihema. Mimi naita majina. Aliyetakiwa kupimwa damu alipita moja kwa moja hadi kwa Nasambu, akakaa kwenye stuli na kutoa kidole.

Nasambu ndiye ninayetaka kumweleza, ingawa yeye mwenyewe angeniambia niache upuzi nipange kadi.

Alikuwa mama wa upande wa Bungoma, mnene, mwenye mwendo wa pole ambao haukubadilika hata mvua ikimnyeshea. Aliishi Gatina, kule Kawangware, na kila siku alitembea hadi Kibera kwa miguu, saa nzima na zaidi. Akifika alivua viatu, akachemsha chai, akainywa ameketi. Hakugusa sindano kabla kikombe hakijaisha. Nilimwona mvivu mwanzoni. Baadaye nilimwona mwenye akili kuliko sisi wote.

Kazi yake ilikuwa kuhesabu chembe nyeupe za damu, zile askari wa mwili. Alivuta tone kwa mrija mwembamba wa kioo, akalichanganya na dawa inayoua zile nyekundu na kuziacha nyeupe, akalitandaza kwenye kioo chenye mistari midogo, kisha akainama juu ya hadubini karibu na dirisha, maana stima ilikuwa ya kubahatisha. Mkononi alikuwa na kidude cha chuma cha kuhesabia. Kila chembe aliyoiona alikibonyeza kwa kidole gumba. Tik. Tik. Mchana kutwa nilisikia hiyo tik, na siku zingine nilitamani kukitupa kwenye mtaro. Hata tukitembea kwenda nyumbani, maana nami nakaa Kawangware, niliona kidole chake kikibonyeza hewa.

Kulikuwa na mambo mawili juu yake. La kwanza, hakuwahi kuandika namba ambayo hakuihesabu. La pili, kila Jumatatu baada ya chai alijichoma mwenyewe na kuhesabu damu yake, ili ajue kama mrija na dawa bado vinasema kweli. Alizipanga hizo namba zake nyuma ya daftari kuukuu. Miaka yote zilikuwa kati ya elfu tano na mia nane na elfu sita na mia tano. Alikuwa ndiye mizani yetu.

Hilo la kwanza lilimgharimu ndoa, au nusu yake.

Mume wake, Khamala, alikuwa fundi wa mbao. Mwaka wa 1984 alipata nafasi ya kuajiriwa katika kiwanda cha samani huko Industrial Area, kazi ya kudumu, na kilichobaki ni cheti cha damu tu. Nasambu alimwekea jiwe alfajiri. Khamala mwenyewe alikuwa Gatina akimalizia kitanda cha mtu, na alipoangalia saa aliona amechelewa, akakimbia njia yote. Nakumbuka kwa sababu nilishaita jina lake mara moja. Nilikuwa nafungua mdomo kuita mara ya pili alipoingia, shati limemganda mgongoni, nikamgombeza mbele ya watu. Akaenda kwa mke wake akakaa kwenye stuli. Nasambu alihesabu. Elfu kumi na tano na mia mbili.

Kiwanda hakikutaka mtu anayezidi elfu kumi na moja, maana chembe nyeupe zikiwa nyingi ni dalili kwamba mwili unapigana na kitu. Khamala alimwomba. Alimwambia polepole, lakini nilisikia, "Mama Austin, andika tu elfu nane. Mimi niko sawa." Nasambu alisema hawezi. Alihesabu tena tone lilelile, ikatoka ileile, akaiandika.

Kiwanda kilimrudisha nyumbani. Akameza vidonge vya wiki sita. Akapigwa picha ya kifua. Hakuna kilichoonekana na hakuugua. Lakini miaka michache baadaye, ule ugonjwa mpya ulipoanza kusemwa, majirani wa Gatina walikumbuka kwamba fundi yule alikuwa na "kitu kwenye damu," na watu wawili wakachukua vitanda walivyoagiza wakampelekea fundi mwingine. Tangu ile siku Khamala hakukubali kuchomwa na mke wake tena. Akipata malaria alienda zahanati nyingine. Walikula pamoja, wakaenda kanisani pamoja, wakasomesha watoto, na hilo jambo likakaa katikati yao kama meza.

Sasa Adero.

Adero, ambaye tulimwita Mama Whitney, alitoka upande wa ziwa na alikaanga samaki karibu na reli. Mwaka wa 1993 mafuta yalimmwagikia mkono wa kulia. Alipona vibaya. Vidole vinne vilijikunja vikashikana na kiganja, na ngozi ikawa ngumu juu yake. Alijifunza kupara samaki kwa mkono wa kushoto huku akimkandamiza kwa kiwiko, na niliona haya kumtazama akifanya hivyo. Nywele za Whitney zilisukwa na majirani.

Kulikuwa na kundi la madaktari waliokuja hospitali moja ya misheni nje ya mji, mara mbili kwa mwaka, kufungua mikono ya namna hiyo bila malipo. Walikata, wakanyoosha, wakabandika ngozi kutoka pajani. Ngozi hiyo haishiki kama kuna maambukizi yamejificha mwilini, kwa hiyo walitaka damu ihesabiwe siku mbili kabla, kwenye zahanati ya mtaani, na sharti lilikuwa lilelile, elfu kumi na moja. Mwezi wa pili 1995 Adero alipata elfu kumi na tatu na mia nane. Akakataliwa. Mwezi wa nane, baada ya kumeza kila dawa aliyopewa na Bwana Simeon, daktari wetu, alipata elfu kumi na nne na mia mbili. Akakataliwa tena. Halafu barua ikaja kwamba mwezi wa tatu 1996 ndiyo mara ya mwisho. Madaktari hao hawangerudi.

"Sista, hii damu yangu iko na nini?" aliniuliza, kana kwamba mimi najua. "Mimi siskii mgonjwa. Nataka tu nishike kisu."

Nilimwambia aombe Mungu. Nilikuwa nimechoka siku hiyo, na mtu akichoka humsukumia Mungu kila kitu.

Jumatatu moja ya mwezi wa pili, wiki nne kabla ya siku yenyewe, Nasambu alichelewa. Aliingia akiwa na kiatu kimoja mkononi na leso imepasuka. Alikuwa amepita mtaa wa Woodley kama kawaida, geti la nyumba moja limeachwa wazi, na mbwa mkubwa akamtokea mbio. Nasambu, ambaye mvua haikuwahi kumkimbiza, alikimbia. Nilicheka hadi nikashika ukuta.

"Cheka tu," alisema. "Siku yako itafika."

Watu walikuwa wamejaa mlangoni, kwa hiyo hakunywa chai. Alijichoma hapohapo, akihema, kabla hajaanza na wagonjwa. Tik, tik, tik, tik. Niliona imezidi. Akahesabu mraba wa pili, wa tatu. Akaondoa jicho akanitazama bila kuniona.

"Elfu kumi na moja na mia tisa," alisema.

"Wewe ni mgonjwa?"

"Sijui."

Aliosha mrija, akabadilisha dawa, akatumia damu ya kidole kingine. Karibu ileile. Akaendelea na wagonjwa. Saa nne alikunywa chai yake, na baada ya chai akajichoma mara ya tatu. Elfu sita na mia moja. Mkono wake ulikaa juu ya daftari bila kuandika. Mimi nilifurahi kwamba haumwi, nikarudi kwenye kadi. Sikuelewa kwamba mtu aliyekuwa akikaa mbele yangu alikuwa ameanza kuumia.

Siku hiyo alipekua kitabu chake cha chuo, kile kisicho na jalada, na njiani kuelekea nyumbani akanieleza, akisimama kila mara kana kwamba miguu na maneno haviwezi kwenda pamoja. Mwilini kuna mishipa ya fahamu isiyongoja amri yako. Mtu akikimbia au akishtuka, mishipa hiyo hupeleka habari kwenye moyo, kwenye mapafu, kwenye wengu, na kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, ambazo humwaga adrenalini ndani ya damu. Moyo unapiga, mate yanakauka, jasho linatoka. Hayo kila mtu anayajua. Lakini chembe nyeupe nazo zinasikia hiyo habari.

"Tunafikiri zote ziko njiani zinatembea na damu," alisema. "Si kweli. Nyingi zimeshikilia kuta za mishipa, zingine zimejaa kwenye wengu, zinangoja. Unajua watu wa kibarua asubuhi kule Industrial Area? Wamejipanga kando ya ukuta. Gari likipita barabarani, dereva haoni watu. Geti likifunguliwa wote wanaruka barabarani mara moja. Watu ni walewale. Hakuna aliyezaliwa leo."

"Kwa hivyo mtu akikimbia..."

"Zinaachilia ukuta. Akipumzika nusu saa, saa moja, zinarudi."

Nikafikiria yale mawe na sheria yangu. Sitaki kusema uongo, kitu cha kwanza nilichosikia hakikuwa huruma, kilikuwa hasira. Nilitaka kusema kwamba hawakulazimishwa kukimbia.

Nasambu hakuridhika. Alitaka kujua kama ni miguu au ni hofu. Alhamisi alinikalisha, akanichoma nikiwa nimetulia, elfu sita na mia nne. Ijumaa alinikuta nimekaa vilevile, akaniomba nimtolee kadi ya mtu fulani. Nikaingiza mkono kwenye sanduku, na ndani kulikuwa na kinyonga, mzima, jicho moja likinitazama na lingine likitazama dari. Mimi ni mtu wa Nyeri, na kwetu kinyonga anaogopwa kuliko nyoka. Mpaka leo siwezi kula nikifikiria kitu hicho. Nilipiga yowe, nikaganda kwenye kiti, nikamtusi yeye na ukoo wake wote, na wakati natusi tayari alikuwa ameshika kidole changu. Sikuwa nimetembea hata hatua moja. Elfu tisa na mia saba.

"Ni hofu pia," alisema, akiandika. "Pole, Gathoni."

Nilimnunia hadi Jumanne.

Kitu kingine alikiona kwenye kioo, na hicho ndicho alichompelekea Bwana Simeon. Mwili unapopigana kweli na ugonjwa, uboho hutoa hata chembe changa, ambazo hazijakomaa, na macho yaliyozoea huziona. Kwenye damu yake ya mbwa na yangu ya kinyonga zilikuwa zimekomaa zote. Akatoa vioo vya Adero, maana alikuwa na tabia ya kuhifadhi vioo vilivyotiwa rangi, akavipitia. Zote zimekomaa. Hakuna hata moja changa.

Bwana Simeon alisikiliza akiwa amefunga macho. Alikuwa mtu mwema aliyechoka kabla yetu sote.

"Karatasi inataka namba," alisema. "Haitaki hadithi ya mbwa. Hesabu mara utakazo, mama, mradi utakayoandika iwe ya kweli."

"Sijawahi kuandika nyingine," alisema Nasambu.

Siku ya Adero ikafika, Jumatano. Tulimwambia asiweke jiwe wala asikimbie. Aje pole, apite watu wote, akae ndani kwenye benchi saa nzima. Walioweka mawe walipiga kelele, nikawapigia kelele zaidi. Adero alikaa wima, mkono mbovu ameufunika kwa leso, macho mlangoni kwa Nasambu. Saa nzima sikumwona akiegemea. Mshipa wa shingo ulikuwa unaruka na niliuona kutoka mezani kwangu.

Nasambu alimchoma. Tik, tik, tik. Elfu kumi na mbili na mia tatu.

Uso wa Nasambu haukuwahi kujua kuficha.

"Imekataa," alisema Adero.

"Umelala jana?"

"Nilale aje, Mama Austin? Nikifunga macho naona hiyo kioo yako. Moyo inapiga tu. Siwezi iambia inyamaze." Akaivuta leso juu ya ule mkono. "Na hawarudi tena. Si walisema hawarudi?"

Ndipo nikaelewa kwamba kukaa kwenye benchi si kupumzika. Yule mama alikuwa amekaa pale akikimbia. Angekaa hadi jioni na bado angekuwa anakimbia, kwa sababu alichokiogopa ni kile kioo, na kile kioo ndicho kilichokuwa kikimngoja. Gari la hospitali la kuchukua karatasi lilikuwa lipite saa sita.

Nasambu alisimama. Akaosha kioo, akakifuta, akakiinua kwenye mwanga. Kisha akaangua kicheko kidogo ambacho sikuwahi kukisikia kwake.

"Ngoja," alisema. "Mimi ni mzee, Mama Whitney. Nimehesabu mraba mmoja mara mbili. Si elfu kumi na mbili. Ni tisa. Umepita."

Kwa miaka kumi na minne sikuwahi kumwona akihesabu mraba mmoja mara mbili.

Adero alitukodolea macho. Kisha akalia, akacheka, akamshika Nasambu kiunoni kwa mkono ule mzuri, akaniambia nimletee maji, akayanywa yote. Nasambu alimmiminia chai yake mwenyewe. Adero akatueleza kwamba Whitney ana kichwa kigumu, ukimsuka analia hata kabla hujamgusa, na kwamba akipona atamsuka kila Jumapili apende asipende. Sauti yake ilizidi kupungua. Katikati ya sentensi aliegemea ukuta akalala, mdomo wazi, kama mtu aliyeangushwa.

Tulimwacha dakika arubaini. Nilifukuza watu mlangoni kwa kunong'ona, jambo ambalo halijawahi kutokea Mashimoni. Halafu Nasambu akapiga magoti mbele yake, akachukua kidole chake.

"Ni ya kuweka kwa faili tu," alimwambia polepole. Adero aliitikia bila kufungua macho vizuri.

Nilisimama nyuma ya Nasambu. Alihesabu taratibu, kila mraba mara moja. Elfu nane na mia sita. Akatengeneza kioo kingine akahesabu upya. Elfu nane na mia nne. Aliandika ile kubwa, akapiga muhuri, nami nikaipeleka kwenye gari mwenyewe, kwa mwendo wa kawaida.

Niliporudi alikuwa amekaa kwenye stuli ya wagonjwa.

"Gathoni, nimemdanganya mgonjwa."

"Karatasi ni ya kweli."

"Karatasi ni ya kweli, ndiyo." Alikifungua kidude cha kuhesabia, akakifunga. "Khamala alihitaji saa moja tu. Hata si kuandika uongo. Ningemwambia kaa, kunywa chai. Ningemwambia chochote. Nilimwacha akihema pale, nikahesabu damu ileile mara mbili, nikajiona mwaminifu."

Mimi ndiye niliyekuwa nafungua mdomo kuita jina lake mara ya pili.

Jumapili aliniomba niende naye nyumbani baada ya kanisa, maana hakuweza kulisema akiwa peke yake. Khamala alikuwa nje ya chumba chao akipiga msasa mguu wa meza. Alikuwa amezeeka kuliko umri wake. Nasambu alimweleza yote akiwa amesimama, mbwa, kinyonga, Adero, na alipofika kwa ile siku ya 1984 sauti ilimkatika, akaimalizia hivyohivyo. Khamala aliendelea kupiga msasa mpaka mwisho.

"Kwa hivyo sikuwa mgonjwa," alisema.

"Hukuwa."

"Ilikuwa ni kukimbia."

"Ni kukimbia. Na hofu."

Alipuliza vumbi la mbao. "Kukimbia nilikuwa nimezoea," alisema. "Ile siku niliogopa wewe. Nilijua ukiona mbaya utaandika mbaya."

Nasambu alijifunika uso kwa kitambaa cha kanisani. Mimi nilitazama kuku wa jirani. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Khamala aliingia ndani akaleta viti viwili, akatuambia tukae, chai iko.

Adero alipasuliwa Ijumaa iliyotangulia. Ngozi ilishika. Vidole vitatu vilinyooka, kile kidogo cha mwisho kilibaki nusu, na Whitney analia kila Jumapili kama alivyoahidiwa. Sheria yangu niliifuta wiki hiyohiyo. Jiwe bado linawekwa, hilo siliwezi, lakini anayepimwa damu hukaa kwanza, na jina naliita hadi mwenyewe afike. Ukiniuliza ni wangapi walipita kabla ya hapo wakihema, wakameza dawa za bure, wakakosa kazi, wakahofia kufa, sijui. Kadi ziko, nami sitaki kuzifungua.

Khamala alikuja mwezi wa nne, Jumanne. Sikumtarajia. Hakuweka jiwe. Alikaa kwenye benchi, akavua kofia, watu wakampita mmoja mmoja naye akiwaachia. Alikaa saa moja na nusu. Alipoingia alitoa kidole gumba tu, na nikaona Nasambu akishindwa kufungua pakiti ya sindano. Nilimfungulia.

Elfu sita na mia mbili.

"Niandikie cheti," alisema Khamala. "Kama kile cha kiwanda."

Kile kiwanda kilikuwa kimefungwa miaka mitano kabla ya hapo, na sote watatu tulijua. Nasambu alichukua fomu, akajaza jina, akajaza namba. Khamala aliweka kidole kwenye nafasi ya tarehe.

"Hapo andika ya ile siku."

Nasambu alishika kalamu juu ya ile nafasi. Alinitazama, na machozi yalikuwa tayari yanashuka. Alikuwa ameshadanganya kwa mdomo mara moja, na mkono wake ulikuwa umekataa kabisa kuufuata. Khamala alingoja. Hakuwa na hasira. Alikuwa mtu anayengoja tu.

Tarehe kwenye karatasi za zahanati hii ni kazi yangu. Nilimpokonya kalamu nikaandika 14 Machi 1984, nikapiga muhuri, nikampa mwenyewe. Aliikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, akavaa kofia na kurudi Gatina kumalizia meza ya watu.